Mlango Usio na Komeo

Asubuhi ya kwanza niliyoogopa kweli ilikuwa ya mwezi wa saba, mikorosho imeanza kutoa maua. Mkulima wa korosho anaijua saa ya salfa. Ni alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo haujaamka, kwa sababu unga hushika penye unyevu, na upepo ukishaanza kuvuma kazi yote inahamia shamba la mwenzio. Basi saa kumi na moja na nusu, giza halijaachia vizuri, jirani yetu alijitwika mashine yake ya kupulizia mgongoni akaiwasha, hatua kama hamsini kutoka dirishani kwetu. Mimi niliisikia nikageukia upande wa pili. Mwanangu, ambaye wakati huo hakuwa ametimiza miaka minne, aliruka kitandani kama aliyemwagiwa maji ya moto.

Nilimkuta uvunguni. Alikuwa amejibana kwenye pembe ya ukuta, viganja vimeziba masikio, meno yameng'ata ukosi wa fulana. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alikuwa akitetemeka tu, na nilipomshika mkono nimtoe akapiga yowe lililomfanya jirani azime mashine. Kisha harufu ya salfa ikaingia dirishani, akatapika palepale alipolala. Alikaa uvunguni hadi saa tatu, jua limeshawaka, na alipotoka alikuwa amechoka kama mtu aliyetoka kulima.

Jirani hakukasirika. Alisimama nje ya dirisha, uso mzima umepakaa unga wa njano, akauliza, "Mwanangu, mtoto kapatwa na nini?" Nikamjibu, "Sijui, mzee." Nilisema kweli, na jibu hilo niliendelea kulitoa kwa karibu miaka miwili.

Wengine walikuwa na majibu tayari. Anadeka, walisema ndugu wa baba yake, maana siku ya Idi alilivua shati jipya mbele ya wageni na kulitupa uani. Ana jeuri, kwa kuwa tonge la ugali lililogusa mlenda aliliteremsha mkekani pamoja na vyote vilivyokuwa tumboni. Mtukutu, kwa kuwa akikosa la kufanya alizunguka kama pia mpaka wanaomtazama wakaona kizunguzungu wao. Na kuna siku moja sokoni, kati ya mafungu ya dagaa na mashine ya kusaga, alipojitupa chini na kupiga kelele mpaka watu wakatuzunguka. Hapo lilipatikana jina la nne: kapagawa. Hakuna aliyelisema kwa ubaya. Mama mmoja aliyekuwa akiuza nyanya alivua mtandio wake akamfunika, akanisukumia kigoda nikae. Lakini jina likishatoka mdomoni haliokotwi.

Kwa jina hilo ndipo ikaja hirizi. Ilishonwa vizuri, kitambaa cheusi, uzi mgumu wa katani, akafungwa shingoni. Hakukaa nayo hata nusu saa. Alijikuna hadi shingo ikawa nyekundu, kisha akauvuta uzi mpaka mdomoni akaukata kwa meno. Wakubwa wakatazamana: mnaona, shetani hataki hirizi. Ilinichukua miaka miwili kujua kwamba alichokuwa hakitaki ni uzi.

*

Shule ya msingi tulikariri milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Sikuwahi kulifikiria hilo neno "mlango" mpaka nilipokuwa na mtoto huyu, na sasa naona waliolichagua walikuwa na akili nyingi. Mlango wa nyumba una komeo. Umeketi barazani, mashine ya kusaga inanguruma, mbuzi analia, redio ya jirani inaimba, mshono wa gauni unakugusa begani. Ubongo unarudishia mlango mmoja baada ya mwingine bila hata kukuuliza, unabaki na maneno ya mgeni aliye mbele yako. Mtoto wangu hana komeo. Vyote vinaingia, vinaingia pamoja, na vinaingia kwa nguvu ileile ya mara ya kwanza. Lebo ya shati ambayo wewe umeisahau dakika moja baada ya kuvaa, yeye saa sita mchana bado inamkwaruza.

Tena milango si mitano. Ndani kabisa ya sikio mna mifereji mitatu midogo iliyopinda, yenye majimaji. Kichwa kikiinama au kikigeuka majimaji hayo husogea, ubongo ukajua kichwa kinageukia wapi. Na ndani ya misuli na maungio mna vipokezi vinavyoeleza kila kiungo kiko wapi na kinasukuma kwa nguvu gani. Kwa hivyo umeme ukikatika katikati ya chakula bado tonge linaufikia mdomo. Kwa watoto wengine milango hii miwili ya ndani ndiyo yenye njaa: mwili unaomba kuzungushwa, kubanwa, kubeba, kuruka, kama tumbo linavyoomba chakula.

Aliyeyafanya mambo haya kuwa taaluma ni A. Jean Ayres, Mmarekani wa California, mtaalamu wa tiba kwa vitendo aliyezaliwa 1920. Alikuwa akiwahudumia watoto wenye macho mazima na masikio mazima ambao bado hawakuweza kuketi, kuandika wala kuvaa bila vita, na kitabu chake cha 1972 kilidai kwamba tatizo liko katika namna ubongo unavyopokea na kupanga habari za mwili. Madaktari hawajakubaliana naye kwa kila jambo mpaka leo. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwashauri wanachama wake wasiutumie ugumu huu kama jina la ugonjwa unaosimama peke yake. Mwaka uliofuata, mwongozo mkuu wa magonjwa ya akili wa nchi hiyohiyo uliingiza kuzidi au kupungua kwa hisia hizi miongoni mwa dalili za usonji. Kwa hiyo mtoto wa namna hii anaweza kuwa na usonji, anaweza kuwa na tatizo la umakini, anaweza kuwa alizaliwa njiti, na anaweza asiwe na lolote kati ya hayo. Ubishi wa majina nawaachia wenyewe. Mtoto aliye uvunguni anatetemeka hata kabla hawajamaliza kubishana.

*

Tulianza na masikio, na mzazi yeyote mwenye mashaka namwambia aanzie hapo. Mtoto asiyeitika jina lake, au aliyefika miaka miwili bila maneno, au aliyekuwa nayo yakapotea, apelekwe hospitali mapema. Asisubiri ushauri wa barazani. Wa kwangu alipimwa, daktari akasema masikio ni mazima. Alikuwa sahihi, ila tuliondoka na dawa ya minyoo na maneno kwamba nimpunguzie kumbembeleza. Hospitali hiyo siitaji, kwa kuwa naamini hata ningekwenda nyingine ningeambiwa yaleyale.

Kilichotusaidia ni safari ya Dar es Salaam iliyokuwa na shughuli nyingine kabisa. Ndugu yetu mmoja alinipeleka kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, dada kijana aliyesomea KCMC, Moshi, ambako taaluma hii imekuwa ikifundishwa kwa miaka mingi. Hakuanza na mtoto. Alianza na maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Anatembea kwa vidole? Kunyolewa inakuwaje? Kucha je? Chakula anachokipenda kinalainika au kinavunjika? Akiwa amechafukwa, nani anamtuliza, na kwa namna gani?

Nikasema, bibi yake. Akaweka kalamu chini. "Anafanyaje huyo bibi?"

Mama yangu anaishi Ruangwa, upande wa Mandawa. Mtoto akianza kuchafukwa, mama hasemi kitu. Anatandika kanga mbili pamoja, anamlaza juu yake, anamviringisha kama mkeka unaokunjwa, kuanzia mabegani hadi miguuni, kichwa kikiwa nje. Kisha anaketi naye chini, anampakata akiwa vilevile, na kuubana mgongo wake kwa kiganja kilicho wazi, hapapasi, anabana. Mpapaso mwepesi kwa mtoto huyu ni kama kutambaliwa na mdudu. Baada ya muda unaona mabega yanashuka. Majirani walimcheka: mtoto wa miaka minne bado ana mbeleko! Mama aliwajibu kwamba mbeleko haina umri, mgongo wake ndio wenye umri.

Baada ya kanga huja kitu cha kutafuna. Muwa, au kipande cha makopa makavu kabisa, au korosho za kukaanga. Anatafuna hadi taya zichoke, ndipo anaongea. Na asubuhi, kabla hajaambiwa jambo lolote la kukaa kimya, anapewa mchi. Siku kaka yangu alipomkuta kinuni alishangaa, "Mama, mtoto wa kiume na mchi?" Mama hakuinua hata uso. "Na wewe nilikutwangisha. Umesahau."

Yule dada wa Dar es Salaam alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwamba vitu hivyo ndivyo alivyovisomea kwa miaka. Misuli ikisukuma kitu kizito, maungio yakibanwa, taya zikifanya kazi, mwili unapata habari kubwa na ya uhakika inayotuliza zile kelele nyingine. Huko mbali hutumia mablanketi mazito yaliyoshonewa kokoto za plastiki, bembea za kutundikwa darini, vifaa vya kutafuna vinavyouzwa kwa fedha za kigeni. Sisi tuna kinu, kidumu cha lita 5, bembea ya kamba kwenye mwembe, mchanga wa mtoni, muwa. Nilirudi nyumbani Nachingwea na daftari moja la kurasa arobaini, na sikuwa nimenunua kitu.

*

Sitaki kumdanganya mtu kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Tulijaribu hili na lile, mengine yakatushinda.

Nguo zilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Kumbe mitumba ndiyo suluhisho, kwa kuwa fulana iliyofuliwa mara mia na mtu mwingine ngozi haina ugomvi nayo. Kazi ilikuwa sare ya shule, kitambaa kipya kigumu chenye wanga. Niliiloweka siku mbili, nikaifua, nikaianika, nikaifua tena, juma zima, kisha nikakata lebo na kufumua ukosi na kuushona upya mshono ukiwa nje. Fundi aliniuliza kama nimegeuza nguo kwa makosa. Nikamwambia hapana, ndivyo anavyoivaa.

Bati ndilo lililotutesa zaidi. Korosho zilipotukubali mwaka mmoja tuliondoa nyasi tukaezeka, nasi tukajiona tumeendelea. Mvua ya kwanza ya Desemba ilipopiga kwenye bati tupu, bila dari, nilielewa kwamba nyumba yetu ya nyasi ilikuwa ikimlinda mtoto wangu na sisi tumemvua ulinzi huo kwa fedha zetu wenyewe. Dari ya mbao ilikuwa nje ya uwezo. Nikakusanya viroba vitupu, nikavipasua na kuviunga kwa sindano ya kushonea magunia, tabaka mbili, katikati nikalaza kanga zilizochakaa na vipande vya godoro. Baba yake akaitundika chini ya kenchi katika chumba kimoja tu, kile anacholala. Mvua sasa inasikika kama inanyesha kwa jirani. Inatia joto mwezi wa kumi na moja, hilo nalikubali, na panya wameipenda. Bado naiona kuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kuifanyia nyumba ile.

Jioni tunakwenda kwenye tuta. Wenyeji wa Nachingwea wanajua ninachosema: ilipopita reli ya Waingereza, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya Mpango wa Karanga, ikaondolewa miaka ya mwanzo ya 1960 baada ya karanga zenyewe kushindikana zamani. Reli ilikwenda, jina la Stesheni likabaki, na sehemu nyingine tuta linaonekana bado. Mwanangu hutembea ukingoni mwake mikono ikiwa wazi kama kunguru anayetua, anashuka mbio, anapanda akiwa na jiwe kifuani, anashuka tena. Nusu saa ya tuta inampa usingizi ambao dawa ya kikohozi niliyokuwa nikishauriwa nimpe haikuwahi kuuleta.

*

Kengele ya shule yake ya kwanza nayo ilikuwa kipande cha reli, kimetundikwa kwenye mti, kinagongwa kwa nondo. Darasa la awali lilikuwa hatua chache kutoka hapo. Kila kilipogongwa aliziba masikio na kujikunja chini ya dawati, na mwalimu wake, mwenye watoto zaidi ya themanini mbele yake, aliona dharau. Alichapwa. Nilipokwenda kuuliza niliambiwa mtoto anajitia. Kanuni za viboko nchini zinasema mwenye ruhusa ni mwalimu mkuu au aliyempa ruhusa hiyo kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye daftari. Daftari sikuliona. Lakini hata lingekuwepo, nisingejua ni kosa gani lingeandikwa humo. Kusikia?

Tulimhamisha, na hapo ndipo nilipokutana na mwalimu ambaye ningependa kila mzazi wa Nachingwea na Ruangwa ampate. Hakuwa amesomea elimu maalumu. Alisikiliza dakika kumi akiwa amesimama, daftari langu la kurasa arobaini mkononi, akasema, "Mama, tujaribu." Alimpa kiti cha mwisho kando ya mlango, mgongo ukutani, ili pasiwe na mtu wa kumgusa kwa nyuma. Alimpa kazi: kabla ya somo la kusoma, yeye ndiye anayebeba ndoo ya maji ya kufutia ubao kutoka bombani. Na kabla kengele haijalia anamwonyesha vidole vitano, maana yake dakika tano. Mambo matatu, hakuna lililogharimu hata kipande cha chaki. Muhula wa pili alianza kusoma silabi.

Kuna uchunguzi wa wazazi wa watoto wa chekechea katika wilaya moja ya shule nchini Marekani, uliochapishwa 2004, ambao kwa hesabu ya chini ulipata watoto 5 katika kila 100 ambao wazazi wao walieleza ugumu wa namna hii. Hesabu ya Marekani si hesabu ya kwetu. Lakini ikikaribia tu, darasa la themanini lina watoto wanne, na mwalimu anadhani ana wanne wakorofi.

Ndiyo maana macho yangu yanatazama Chuo cha Ualimu Nachingwea, ambacho kiko mjini hapahapa. Najua Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha kinaandaa walimu wa elimu maalumu, na najua Msimbazi Mseto, Dar es Salaam, ina kitengo cha watoto wenye usonji. Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, tunao Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26. Vyote ni vyema, vyote viko mbali na dawati la mwisho kando ya mlango. Mtoto wa Kilimarondo au wa Nambilanje atafundishwa na mwalimu wa kawaida aliyetoka chuo cha kawaida. Wiki moja tu ya masomo kwa kila mwanachuo, kuhusu mtoto anayeziba masikio na mtoto asiyeweza kutulia, ingefika vijijini haraka kuliko mtaalamu yeyote.

*

Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada zake. Kwa hiyo kaka alipokuja kutoka Ruangwa kuzungumzia jando, hakuja kuomba ruhusa.

Jando ni jambo kubwa, sitaki mtu afikiri nalidharau. Mtoto huingia akiwa mtoto, hutoka ana jina na ana wenzake wa kumbi kwa maisha yake yote. Lakini ukilitazama kwa ngozi ya mwanangu, ni ngoma usiku kucha, ni kunyolewa kichwa mbele ya watu, ni moshi, ni vumbi, ni kulala amebanana na wavulana kumi na tano, na vyote hivyo kabla ya kisu. Nikasema, "Kaka, mwenyewe ulikuwepo alipokatwa kucha. Tulimshika watu watatu."

Alinyamaza muda mrefu. "Dada, asipopita, wenzake watamwita nini?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na lilinikosesha usingizi kuliko yote niliyoulizwa na madaktari. Tulimaliza juma zima tukilijadili, mama akiwa katikati. Mwishowe kaka ndiye aliyeenda kuzungumza na wazee wa kumbi. Mtoto alitahiriwa hospitali, kwa ganzi, kama wavulana wengi wa siku hizi. Alinyolewa nyumbani na mjomba wake kwa mkasi, siku tatu mfululizo, kidogo kidogo, akiwa ndani ya kanga ya bibi. Mafunzo aliyapata mchana, na mjomba huyohuyo, wakiwa wawili chini ya mkorosho. Siku ya kutoka alisimama na wenzake akiwa na nguo mpya niliyoifua wiki nzima, pamba masikioni chini ya kofia. Ngoma ya kwanza ilipolia alimtazama mjomba wake. Mjomba akamwonyesha vidole vitano. Dakika zilipotimia, wakapanda pikipiki wakaondoka, na hakuna aliyesema hakupita.

*

Si kila mtoto amefunguka kupita kiasi. Kuna ambao milango yao imekazwa. Nilikutana na mama mmoja Ruangwa mjini, siku ambayo timu ya Namungo ilikuwa ikicheza nyumbani na honi zilisikika kutoka uwanja wa Majaliwa hadi stendi. Mwanangu alikuwa mgongoni kwangu, amejificha ndani ya kanga. Mama yule akatazama, akasema kwa sauti ya chini kwamba wa kwake ni kinyume. Binti wa miaka saba, anajigonga ukutani kwa kupenda, anaparamia kila kitu, haoni uchungu. Msimu wa korosho alikaa na shangazi zake wakibangua. Wenzake walijipaka majivu viganjani, maana mafuta ya ganda la korosho yanaunguza kama tindikali. Yeye alisahau majivu akaendelea kubangua. Mama aliporudi jioni ngozi ya vidole ilikuwa imebabuka, na binti anacheka. Huyu hahitaji kufichwa kelele. Anahitaji jicho la mtu saa zote, na kazi nzito nyingi, na mtu wa kumfundisha kwa macho kile ambacho ngozi haimwambii.

Nikampa nakala ya kurasa zangu arobaini. Nilimwambia pia jambo ambalo nalisema kwa kila mzazi, hata kama linawaudhi wanaouza matumaini: asiuze shamba kufuata tiba ya gharama. Utafiti mdogo wa Marekani wa 2014, wa watoto 32, ulionyesha tiba ya mtindo wa Ayres inawasaidia kufikia malengo waliyowekewa. Mkubwa zaidi, wa England na Wales, uliotoka 2022 ukiwa na watoto 138 wenye usonji, haukuona kwamba waliopewa vipindi vya tiba walipata nafuu kuwazidi waliobaki na huduma ya kawaida. Mtaalamu akipatikana, akuangalizie mtoto, akufundishe, urudi nyumbani ukafanye. Nimemwona mtoto wangu akibadilika, lakini sijui kama ni kinu, ni tuta, ni umri, au ni kule kuacha kumpigia kelele. Nadhani hilo la mwisho lina sehemu kubwa.

*

Ana miaka tisa sasa, yuko darasa la tatu. Mlenda bado hali. Embe la nyuzi bado analitema. Sokoni tunakwenda mapema, kabla mashine ya kusaga haijawashwa, na tukichelewa tunarudi bila nyanya.

Mwaka huu, jioni moja ya mwezi wa saba, jirani yetu alipita akiwa amebeba mfuko wa salfa begani. Nikamwamkia, akaitikia, lakini hakuwa amekuja kuongea nami. Alichuchumaa mbele ya mwanangu, si karibu sana, kama alivyozoea siku hizi. "Kesho alfajiri napulizia upande huu. Mikorosho arobaini na mbili. Nikimaliza mmoja napumzika, unasikia sauti inashuka. Utanihesabia?"

Alfajiri mashine iliponguruma nilisikia kitanda kikilia, nikajua amekwenda uvunguni. Nikachukua kanga mbili nikaingia. Alikuwa kwenye pembe ileile, ametafuna nusu ya kipande cha muwa, mtandio wangu umefunika pua. Nikataka kumviringisha, akanisukuma mkono polepole akanionyesha ukutani. Alikuwa ameshika kipande cha mkaa, anachora mistari. Sauti ikashuka. Akachora mmoja. Ikapanda, akaziba masikio kwa mabega, akasubiri. Ikashuka.

"Mama," akasema bila kugeuka, "bado thelathini na moja."